Video ya Mwalimu wa Muda

Kompyuta iliganda kwa mara ya tatu saa tano na dakika kumi asubuhi, ikiwa imefika asilimia hamsini na nane. Mara ya kwanza ilikuwa imegandia arobaini na moja, mara ya pili thelathini na saba. Mshale haukusogea, saa ya kwenye pembe ya kioo haikubadilika, na sura ya Mwalimu ndani ya video ilibaki vilevile, mdomo wazi, chaki hewani, kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

"Usiiguse," mumewe alisema.

"Sijaigusa."

"Basi usiipumulie."

Mwalimu alijivuta nyuma nusu hatua, ingawa alijua fika kwamba pumzi yake haihusiki. Ukishakaa na mtu miaka kumi na tisa unajifunza kumwachia ushindi mdogo mdogo. Mumewe alibonyeza kitufe cha kuwashia akakishikilia mpaka kioo kikawa cheusi, na feni iliyokuwa ikikoroma ndani ikanyamaza.

Mtaa mzima ulimwita huyu bwana Kamera, kwa sababu kwa miaka ishirini hakuna aliyeoa pale bila yeye kuwepo na taa zake mbili na nyaya zake za kujikwaa watu. Siku hizi walikuwa wanaoa bila yeye. Kila mgeni anakuja na simu, na bwana harusi anaona kwamba simu hamsini ni nyingi kuliko kamera moja. Miezi mitatu ilikuwa imepita Kamera akiitwa mara mbili tu, na mara moja kati ya hizo ulikuwa mkutano wa wafyatua matofali ambao walimwomba azime taa kwa kuwa zinawaumiza macho.

Kilichokuwa kikiendesha nyumba ni mito ya kulalia. Mama yake Kamera, aliyejulikana kwa wateja wote kama Mama Mito, alikaa mkekani kwenye sebule hiyohiyo, gunia la vipande vya nguo kushoto, gunia la pamba kulia, akichambua, akichana, akishindilia. Vipande aliviokota kwa mafundi cherehani bila gharama. Ukifungua mlango, manyoya ya pamba yalipaa juu, yakazunguka kwenye mwanga wa dirisha, yakatua kwenye chai.

"Imekataa tena?" Mama Mito aliuliza bila kuinua kichwa.

"Haijakataa, mama. Inapumzika."

"Hata mimi ningependa kupumzika kila dakika ishirini."

Mwalimu hakucheka. Tangazo lilikuwa limekunjwa kwenye mfuko wa gauni lake, na alikuwa amelisoma mpaka mikunjo imechanika. Nafasi thelathini za ajira ya kudumu kwa walimu wa hesabu. Kila mwombaji alete video ya dakika kumi akiwa anafundisha darasani mbele ya wanafunzi. Faili liwe dogo, la aina inayofunguka kwenye simu yoyote. Mwisho wa kupokea ni Jumamosi saa kumi alasiri. Mwombaji asiwe amezidi miaka arobaini na mitano. Jumamosi ilikuwa leo, na miaka arobaini na mitano angeipita baada ya miezi miwili. Hapangekuwa na tangazo jingine kwa ajili yake.

Miaka kumi na mmoja alikuwa mwalimu wa muda. Mkataba wake ulikwisha kila muhula na kila muhula aliandika barua ileile ya kuomba tena. Kwenye chumba cha walimu kulikuwa na viti kumi na vinne kwa walimu kumi na wanne walioajiriwa. Yeye wa kumi na tano alisahihisha madaftari akiwa ameegemea dirisha, na kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha hesabu darasa la sita, siku hizi mwalimu mwenzake, alimwambia kwa adabu kabisa, "Shikamoo, Mwalimu," kisha akakaa.

Na video yenyewe ingekuwa imeshakwenda tangu Alhamisi, lau si majivuno. Mwalimu wa sayansi alijitolea kumrekodi kwa simu yake, dakika kumi, amalize, atume. Kamera aliposikia alitema chai.

"Mke wangu apelekwe huko kwa video ya simu, kama ajali ya barabarani?"

Akaja shuleni mwenyewe na kamera kubwa, stendi ya miguu mitatu, taa zote mbili. Akapiga kwa ubora wa juu kuliko yote, ule ambao hata kwenye harusi hakuutumia. Somo lilikuwa la sehemu, nusu na robo, na lilikwenda vizuri mno. Video ikatoka safi mpaka vumbi la chaki linaonekana likianguka. Ila ilikuwa nzito kama gunia la saruji, na ya aina ambayo simu haifungui. Ilibidi ibadilishwe, na kompyuta ya kuibadilisha ndiyo hiyo, ambayo ilikuwa inapumzika.

*

Mpaka saa sita Kamera alikuwa amejaribu kila alichokijua na vichache alivyovisikia kwa watu. Alifunga programu nyingine zote. Alichomoa betri, akaipangusa kwa fulana yake, akairudisha. Aliazima programu nyingine ya kubadilisha video kutoka kwenye diski ya zamani, ikagandia asilimia ishirini na tisa, mapema zaidi. Alihamisha waya wa umeme kutoka sebuleni hadi chumbani. Akazima redio ya mama yake ili umeme utoshe.

"Redio yangu inakula umeme wa kompyuta?" Mama Mito aliuliza.

"Tunajaribu tu, mama."

"Jaribuni. Na mimi nipunguze kula?"

Ndipo kwenye kona ya kioo likatokea neno ambalo Kamera alikuwa amezoea kulifukuza kama nzi: nafasi kwenye diski inakaribia kwisha.

"Si hilo hapo," Mwalimu alisema. "Imeandika yenyewe. Imejaa. Futa harusi zako."

"Harusi nimezifuta jana zote. Hakuna harusi humu."

"Kumebaki nini?"

Kamera alikuna kidevu. Mwalimu akajua, akajuta kuuliza.

Kilichobaki kilikuwa baba. Baba yake Kamera alikuwa kinyozi miaka arobaini kwenye chumba kimoja chenye kioo kilichopasuka, na miezi minane ya mwisho ya uhai wake mwanawe alimfuata na kamera. Alimpiga akinoa wembe, akigombana na wateja, akisema uongo kuhusu ujana wake, akicheka. Saa thelathini na sita za picha. Kamera alitangaza kwa kila mtu kwamba anatengeneza filamu. Baba akazikwa, miaka minne ikapita, na filamu haikupata hata jina. Kinyozi hajinyoi, Mwalimu alimtania siku za nyuma. Filamu yako ingekuwa mtoto ingekuwa imeshaanza chekechea. Nakala ya pili ilikuwa kwenye diski ya nje, ambayo iliangushwa kwenye harusi fulani na mgeni aliyejikwaa kwenye waya, ikafa.

Baadhi ya jioni Mama Mito alisogeza mkeka na kusema, kama mtu anayeomba chumvi, "Nionyeshe baba yenu kidogo." Kamera alimfungulia dakika tano, kumi. Zikiisha mama alirudi kwenye mito yake.

"Hiyo haiguswi," Mwalimu alisema. "Tafuta kingine."

"Nimekwambia ninaigusa?"

"Nakwambia wewe, naiambia na kompyuta."

Akachukua pochi akaenda dukani kununua bando la intaneti, kwa sababu hata video ikipona ilikuwa lazima itumwe, na kukaa pale kulikuwa kunamtia wazimu. Mama Mito alikuwa ameshatoka uani kuanika foronya. Kamera akabaki na kompyuta peke yake.

Alikaa akiitazama kwa muda mrefu kuliko aliokuwa nao. Mawazo yake hayakuwa mazito. Aliwaza kwamba baba ameshakufa na hatakufa tena. Aliwaza dirisha la chumba cha walimu, ambalo aliliona kwa macho yake siku ya kurekodi, rangi yake imebanduka pale bega la mkewe linapoegemea. Aliwaza kwamba yeye ndiye aliyekataa video ya simu. Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Kompyuta ilimuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo. Akaenda kwenye pipa la taka la mle ndani, likamuuliza tena, na akasema ndiyo mara ya pili.

Akaanzisha upya. Asilimia kumi, ishirini, thelathini. Alikuwa anaomba kwa sauti. Ilipofika arobaini na nne ikaganda.

*

Mwalimu aliporudi alimkuta ameketi sakafuni, mgongo ukutani, manyoya ya pamba kichwani. Aliitazama kompyuta, akatazama saa. Saa saba na robo.

"Namwita Bisibisi," alisema.

"Hapana."

"Nimeshampigia njiani."

"Mwalimu, mtu yeyote lakini si yule."

Bisibisi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, fundi wa kompyuta, na sababu ya Kamera kutomtaka ilikuwa aibu tupu. Miaka sita iliyopita alikuja hapohapo mlangoni kuomba kazi ya kubeba taa. Kamera, mbele ya watu, alimjibu, "Hii kazi ni ya nyaya, si mboga." Watu wakacheka. Yule binti aliondoka, akaenda kujifunza nyaya.

"Aliye juu mngoje chini," Mwalimu alisema, "na leo amekungoja vya kutosha. Amesema atakuja, ila uende umwite wewe mwenyewe. Kwa miguu yako."

Kamera alikwenda. Alimkuta nyumbani kwao anafua, kwa kuwa duka lake halikuwa na umeme tangu asubuhi. Alieleza shida yake amesimama, na Bisibisi alimsikiliza huku akikamua shuka taratibu mpaka tone la mwisho.

"Nimekosa, dada yangu," Kamera alisema mwisho. "Siku ile nilikosa."

"Siku ipi?" Bisibisi aliuliza, na alikuwa anaijua tarehe. Akaingia ndani, akatoka na mkoba mzito wa vifaa, akamkabidhi. "Nisaidie kubeba. Angalia tu, ni nyaya, si mboga."

Akaubeba mtaa mzima, yeye nyuma, fundi mbele, na wauza duka wakawatazama.

*

Bisibisi hakuuliza maswali mengi. Aliuliza inagandia wapi, akatajiwa asilimia zote, akatikisa kichwa.

"Ingekuwa video mbovu ingegandia palepale kila mara. Hii inagandia popote." Akaweka kiganja chini ya kompyuta akakitoa haraka. "Mmeshawahi kuifungua?"

"Kwa nini niifungue?" Kamera alisema. "Ilikuwa nzima."

Akafungua skrubu kumi, akainua kifuniko. Feni haikuonekana. Mahali pa feni palikuwa na kitu kama kipande cha blanketi, kimeshonana chenyewe, chekundu, buluu, cheupe, na katikati njano. Alikibandua kwa koleo dogo kikatoka kizima, kimechukua umbo la tundu lake.

Mama Mito alinyoosha mkono. Akapewa. Akakigeuza.

"Hii njano ni ya mito ya mwaka juzi," alisema polepole. "Kwa hiyo ni mimi."

"Ni vumbi la kawaida, mama," Bisibisi alisema. "Nyumba zote zina vumbi."

"Vumbi la kawaida silijui? Nimelala nalo."

Bisibisi aliieleza kazi huku akipuliza na kusugua kwa brashi. Kubadilisha video ni kazi ngumu kuliko zote, kompyuta inatokwa jasho, na hii ilikuwa haina pa kutolea pumzi. Joto likizidi inajizuia isiungue. Ndiyo hiyo kuganda. Sasa ingefanya kazi. Akarudisha kifuniko, akawasha. Feni ilizunguka kwa sauti ndogo ambayo nyumba ile haikuwa imeisikia miaka mingi.

Mwalimu alitazama saa. Saa nane na dakika ishirini na tano. "Itachukua muda gani?"

"Dakika hamsini, siyo zaidi. Mna muda."

"Na ile nafasi ya diski?" Kamera aliuliza.

"Nafasi ilikuwa inatosha. Ile ni kelele tu, inaonya mapema." Bisibisi alikuwa anatazama kioo, akakunja uso. "Lakini mbona humu ni kweupe hivi? Diski karibu tupu. Umefuta nini leo?"

Nje mtu alipita akisukuma mkokoteni.

"Mume wangu," Mwalimu alisema. "Umefuta nini?"

"Nimemfuta baba," Kamera alisema, na akaanza kulia, mtu mzima wa miaka hamsini, mbele ya mama yake, mke wake na fundi aliyemdharau.

*

Bisibisi ndiye aliyeongea kwanza, na aliongea na Mama Mito, si na Kamera.

"Mama, kufuta kwenye kompyuta si kuchoma moto. Ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni. Watu bado wamo ndani. Naweza kuwatafuta chumba kwa chumba nikawarudisha."

"Mtafute basi."

"Kwa sharti moja. Mashine izimwe sasa hivi, isiandikwe kitu kipya. Kitu kipya ni mpangaji mpya, anaingia chumba chochote bila kuuliza nani alikuwemo. Na kubadilisha hii video kunaandika sana. Siyo zile dakika kumi tu, programu inatafuna diski yote kwa kazi yake, inajaza, inafuta, inajaza tena." Akamwonyesha Kamera kwa kidole. "Bwana huyu alishaianzisha mara moja baada ya kufuta, kwa hiyo vyumba vingine vimeshaondoka. Nikiizima sasa, nahisi nitapata nusu ya yule mzee, au zaidi. Tukibadilisha video, sidhani kama nitapata kitu."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kutafuta mlango wa kutokea, kichwa cha hesabu kikikimbia. Tuiandikie kwenye flashi? Bisibisi alisema flashi inapokea mwisho, kutafunwa kunafanyika humuhumu. Tubadilishie kwenye mashine yako? Iko dukani, kwenda kuileta na kurudi ni zaidi ya saa nzima, betri ilikufa zamani, na umeme wa huko ulikuwa haujarudi. Bisibisi alipiga simu kuhakikisha, haujarudi. Turekodi upya kwa simu? Jumamosi, shule imefungwa, na tangazo lilitaka darasa na wanafunzi. Tukaazime kompyuta kwa nani mtaani? Kila mlango waliouwaza ulikuwa mbali au umefungwa, na dakika kumi zilikwisha kwa kuwaza.

Mwalimu akaifunika kompyuta.

"Haibadilishwi. Izime, dada."

"Mwalimu," Kamera alisema. "Una miezi miwili."

"Najua kuhesabu."

"Utaegemea dirisha lile mpaka lini?"

"Nimeegemea miaka kumi na mmoja, sijaanguka. Siwezi kupata kazi kwa kumzika baba mkwe mara ya pili. Nitakulaje mshahara wenyewe? Izime."

Alisema kwa ukali, na alimaanisha. Lakini mkono wake ulikuwa mfukoni umeshika tangazo, na aliuchukia mkono huo.

Mama Mito alikuwa bado na kile kipande cha blanketi. Alikuwa anakichambua kwa vidole, rangi mbalimbali, kama alivyochambua kila kitu.

"Wewe uliyempiga picha," alimwambia mwanawe. "Mle ndani anasema nini?"

"Anasema na wateja, mama."

"Nimekuuliza anasema nini."

Kamera alifungua mdomo. Saa thelathini na sita. Alikumbuka mwanga wa dirisha ulivyoangukia wembe, alikumbuka shida aliyopata na kivuli cha kioo kilichopasuka. Sentensi moja ya baba yake, nzima, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuipata.

"Sikumbuki," alisema.

"Unaona? Mimi nilikaa naye miaka arobaini na minane. Nayakumbuka yote, hata yale ambayo ningelipwa ili niyasahau." Akatupa pamba guniani. "Fundi, funua hiyo mashine. Bonyeza."

"Mama, hapana," Mwalimu alisema.

"Kwani mjane ni nani humu ndani, wewe au mimi? Bonyeza."

Bisibisi alimtazama Mwalimu, akamtazama Kamera. Hakuna aliyempinga tena. Akabonyeza.

Lakini Mama Mito alikuwa amesema uongo. Sura ya mume wake aliikumbuka, na mikono yake, na namna alivyovua viatu. Sauti ilikuwa imemtoka kichwani mwaka uliotangulia, asubuhi moja tu, alipojaribu kuisikia asiipate. Hiyo ndiyo sababu alikuwa anaomba aonyeshwe baba yenu kidogo. Alikuwa hatazami, alikuwa anafumba macho. Sasa alisimama, akasema foronya zitakuwa zimekauka, akatoka uani.

*

Asilimia kumi na mbili. Ishirini. Feni ilizunguka vizuri mno.

Mwalimu alikaa mbele ya kioo, mikono mapajani. Asubuhi nzima alikuwa ameomba isigande. Ilipofika thelathini na saba alijikuta anaomba igande, hapohapo, kwa sababu yoyote ile, ili awe amenyimwa kazi na kompyuta na asiwe amepewa na mama mkwe. Ilipita thelathini na saba. Ikapita arobaini na moja, arobaini na nne. Kwenye kidirisha kidogo cha pembeni yeye mwenyewe alikuwa akikata duara la karatasi vipande vinne, mchangamfu, na watoto wakinyoosha mikono. Hamsini na nane ikapita kama namba nyingine yoyote.

Kamera alikuwa amesimama nyuma yake. Alitaka kumwekea mkono begani, akaogopa.

"Ungeniuliza," Mwalimu alisema bila kugeuka.

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ungeniuliza nikakataa. Hicho tu."

Ilimaliza saa tisa na dakika thelathini na tatu. Bisibisi aliifungua kwenye simu yake, ikafunguka, ndogo na nyepesi, na kusema kweli kwenye kioo kile kidogo haikuwa na tofauti yoyote na video ya simu. Kamera aliliona hilo. Wote waliliona. Kuituma kulichukua dakika kumi na tisa. Ilikwenda saa kumi kasoro dakika nane.

Bisibisi alikusanya vifaa vyake. Kamera alipoulizia malipo alisema wataongea Jumatatu, na safari hii mkoba aliubeba mwenyewe.

Simu ya Mwalimu ililia akiwa bado ameishika. Ujumbe ulikuwa mfupi, wa mashine: ombi lako limepokelewa, namba yako ya mwombaji ni elfu nne mia tatu na kumi na sita.

Aliusoma mara mbili. Nafasi thelathini. Hesabu ilifanyika yenyewe kichwani, hakuiomba, watu mia na arobaini na kitu kwa kila kiti. Kamera aliisoma juu ya bega lake, akakaa chini taratibu.

Mama Mito aliingia na foronya zilizokunjwa begani. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa amenawa uso. Alizipanga foronya moja moja juu ya gunia, akazipangusa, akauliza akiwa amewapa mgongo.

"Imekwenda?"

"Imekwenda, mama."

"Wamejibu?"

"Wamesema wamepokea."

"Mko wengi mlioomba?"

Mwalimu alizima kioo cha simu. Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumdanganya mtoto namba.

"Si wengi, mama."

Mama Mito aligeuka akamtazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaketi mkekani, akavuta gunia la pamba karibu.

"Basi utaipata," alisema.